Rubani Tuliyempakia Kidogo Kidogo

Mdogo wangu Magesa,

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima ametuagiza kila mmoja aandike barua kwa ndugu aliye mbali, halafu Jumamosi tuzisome kwa sauti mbele ya darasa zima. Hakusema mbali kiasi gani. Mzee Wambura anamwandikia mwanawe aliyeko jeshini, mke wa mgambo anamwandikia kaka yake wa Tarime, na mimi nimekuchagua wewe, maana katika ukoo wetu hakuna aliyefika mbali kukuzidi. Mwalimu alipochungulia daftari langu akaona jina lako, akasema, "Mama Masatu, kweli barua hii itafika?" Nikamwambia, "Wewe nisahihishie herufi, mambo ya posta niachie mwenyewe."

Naiandika wazi, kila mtu aisikie. Kuna jambo lako linalotakiwa kusemwa mbele za watu, kwa sababu mbele za watu ndiko ulikochafuliwa jina.

Nikianza na ulivyokuwa mdogo, tutachekana. Unakumbuka ulipopanda juu ya ghala la mtama na nyungo mbili za mama ukazifunga mikononi? Ulianguka kwenye samadi ya ng'ombe, ukatoka mzima, unanuka. Mama alikuchapa siku ile mpaka nikakulilia mimi. Hakukuchapia kuruka, alikuchapia nyungo, maana watu wakiona mtoto anaruka na ungo wataiita nyumba yetu nyumba ya wachawi. Ukasema unalia, "Mama, mimi natakaga kuruka mchana!" Baba akacheka, na fimbo ikaishia hapo. Baadaye ukasoma kwa mapadri kule Nyegina, ukaenda mbali zaidi, na barua zako nikawa nasomewa na karani wa pamba, aliyekuwa akikohoa kila akifika mahali pa siri ili nijue kwamba ameelewa.

Halafu mwaka wa pili tangu tuhamie kijijini, kwelea wakatuvamia. Walikuwa wanakula mtama wetu kabla haujakomaa, na sisi tunapiga madebe mpaka mikono inavimba. Serikali ikaleta ndege. Ile kubwa ya dawa ilikuwa Musoma, na hii ndogo ya viti vinne ikatua kwetu, kazi yake kutafuta wanakolala kwelea. Mlango ukafunguka ukashuka wewe, na miwani yako nyeusi. Mama alikaa chini pale pale. Alisema, "Huyu ndiye wa kwenye samadi?"

Siku tatu zile, Magesa, kijiji kilikuwa na maringo yasiyovumilika. Hata watu wa Guta tuliwasalimia kwa juujuu. Shangazi akaja kwa basi kutoka Butiama, amevaa gauni la kanisani, anataka kupanda. Ukaahidi kuwazungusha wazee mara moja moja juu ya ziwa, lakini ukasema lazima kwanza kila mtu apimwe. Ukaazima mzani wa pamba, ule mkubwa unaoning'inia kwenye boriti ya ghala, ukafunga gunia chini yake la kukalia.

Shangazi akashika kiuno. "Mimi nipimwe kama pamba? Halafu karani aniandike daraja la safi au fifi?"

"Wewe ni safi, shangazi," ukamwambia, "ila gunia limejaa."

Alikupiga kibao cha mgongo, watu wakacheka mpaka karani akaangusha kalamu. Lakini wewe hukucheka muda mrefu. Uliwaambia wote waliokuwa pale, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisingeweza kusema sikusikia: "Ndege haina aibu, wazee wangu. Mkizidisha mzigo, haitasema samahani mgeni. Inaanguka tu." Tukaitikia, eeh, tumeelewa. Hatukuwa tumeelewa kitu.

Kwa sababu siku ya kuondoka, ulipokuwa unarudisha ndege Musoma peke yako, watu walikuja na zawadi zao, na wewe ukakataa. Ukamwita mwenyekiti wa kijiji pembeni, mkapima uwanja wa ndege kwa hatua. Ule upande wa mwisho, unaotazama kilima, alikuwa ameulima pamba. Ukamwambia, "Mwenyekiti, uwanja huu umekatwa mkia." Naye akajibu kwamba ardhi haiwezi kulala bure, uhuru na kazi, na tena ndege ikifika hapo si itakuwa imeshapaa? Ukakuna kichwa. Ukasema kwamba ukiwa peke yako, bila mzigo, utavuka. Ukakubali jogoo mmoja tu wa mama, kwa sababu ya mama. Vingine vyote ukasema virudi nyumbani.

Sasa wewe Magesa, msomi mzima, ulikulia wapi? Ulisahau kwamba kwetu mgeni haondoki mikono mitupu? Mgeni akiondoka mikono mitupu, njiani akiulizwa ametoka wapi, atatutaja nani? Hakuna nyumba iliyokuwa tayari kuambiwa kwamba mtoto wa kijiji alikuja na ndege akarudi na kijogoo. Watu waliondoka wamenuna, kila mmoja na kikapu chake, na kila mmoja na shauri lake kichwani.

Tukakaa kula kwa mama. Ugali wa mtama, sato, mlenda. Wewe na wazee mnakula, na mtu mmoja akainuka, akasema anakwenda kujisaidia. Akarudi. Akainuka mwingine. Akarudi anahema. Akainuka mke wa mgambo, kisha Mzee Wambura, kisha shangazi mwenyewe na gauni lake la kanisani. Ukatazama huku na huku, ukauliza, "Jamani, mbona leo kijiji kizima kina tumbo?" Mama akasema labda ni mlenda.

Na mimi niliinuka.

Unajua ugomvi wetu ulikuwa wa nini. Ulinionyesha picha ya mchumba wako wa Mwanza, amevaa viatu vyenye visigino kama miguu ya kigoda. Nikakuuliza kama anajua kusaga. Ukasema, "Dada, siku hizi watu wanasagia mashineni." Nikakuuliza, mashine ikiharibika? Ukasema haiharibiki. Nikakwambia mashine yetu hapa inaharibikaga kila mwezi. Ukasema mjini si hapa. Sasa kwetu dada ndiye humpa wifi yake jiwe la kusagia, na mama alipewa lake na shangazi, na jiwe lile lile mama alinipa mimi nikuhifadhie, kubwa la chini pamoja na mtoto wake, lile dogo la kushika mkononi. Lilikuwa jiwe la nyumba. Kama ningekuacha uondoke bila jiwe, ningekuwa dada wa namna gani?

Nikalifunga kwa khanga yangu nyekundu, nikalitia kwenye karai, nikafunika nguo chafu juu, nikaenda uwanjani. Mgambo alikuwa amesimama na rungu, umemweka wewe mwenyewe ili asikaribie mtu.

"Mama Masatu, unakwenda kufulia ndani ya ndege?"

"Nisaidie, ni kidogo tu."

Akashika karai, mgongo ukampinda. "Hiki kidogo kimekula nini?" Lakini alinisaidia, masikini. Wote waliopita kwake walimwambia ni kidogo tu, na kila mmoja alisema kweli ya kwake. Tuliliweka chini ya kiti chako, nami nikarudi kula. Nilikula vizuri kabisa, Mungu anisamehe.

Tulikusindikiza jua likiwa kichwani. Ulizunguka ndege yako, ukainama, ukakaa humo ndani muda mrefu. Kisha tukakuona unatoka na koti lako umelikumbatia kifuani, umekwenda nyuma ya ua wa minyaa. Tukadhani unakwenda kujisaidia, tukatazama pembeni kwa adabu, kijiji kizima kikageukia ziwani. Uliporudi ulikuwa unakung'uta mikono. Ukaja kwangu, ukanikumbatia, ukaninong'oneza ukicheka, "Dada, wifi yako atasaga."

Maneno hayo manne, Magesa, yameniharibia usingizi miaka saba. Niliona umelikuta jiwe langu, umelikubali, unalibeba. Nikakaa kifua mbele.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia mpaka tukaona inakaribia pamba. Ikainuka, ikafyeka vichwa vya pamba, watu wakapiga vigelegele, na mwenyekiti akasema, "Si nilisema?" Lakini haikupanda. Ilikwenda chini chini kuelekea kilima, sauti yake ikawa ya mtu anayebeba kitu kizito, ikapita pembeni ya kilima, na sauti ikakatika. Tulikuwa bado tunapunga mikono. Mimi nilikuwa wa kwanza kukimbia na wa kwanza kufika, na ulikuwa umeshaondoka. Sitaeleza mengine. Nilikufunga kichwa kwa kitambaa changu, nikakupakata, nikakugombeza sana.

Jogoo wa mama akatoka kwenye mawe akitembea, amepungukiwa manyoya ya mkia tu.

Wakaja wakaguzi wawili kutoka Dar es Salaam, wenye kofia na karatasi. Mwenyekiti alikuwa ameshang'oa pamba ya uwanjani, kwa hiyo waliukuta uwanja mrefu, umefagiliwa. Huko kwenye mabaki wakaanza kuokota, mmoja anataja, mwingine anaandika. Samaki, kamongo wa moshi. Maboga. Ulezi, gunia. Viazi. Kibuyu cha samli, kimepasuka. Asali. Kigoda. Kamongo tena. Yule wa kuandika akauliza kama hii ilikuwa ndege au soko la Bunda. Wakamwandika jogoo pia, kwamba ndiye aliyenusurika. Jiwe hawakuliandika, nami nilijua sababu. Unayajua mawe ya kwetu, jiwe kwenye kilima kile utalitambuaje?

Wakaitisha mkutano. Wakauliza, nani alipakia vitu hivi? Wakauliza tena. Magesa, watu waliokupenda vile, waliokuwa wamenyoa vichwa kwa ajili yako, wakatazama vidole vya miguu yao. Mimi nilitazama vyangu. Tuliogopa jela, tuliogopana, na zaidi tuliogopa uso wa mama. Mwenyekiti akaona aokoe jahazi, akasema kwa sauti ya msibani, "Marehemu alipendaga sana vyakula vya nyumbani." Ndivyo ilivyoandikwa. Taarifa ilipokuja ikasomwa kwamba chanzo kilikuwa jua kali, na mzigo uliozidi, ambao rubani aliupakia kwa matumizi yake binafsi.

Mama akasimama katikati ya baraza. "Mwanangu huyo alikuwa anaacha nyama kwenye sahani. Ninyi mmemwandika mtu mwingine."

Wakamkabidhi sanduku dogo la bati lenye vitu ulivyokuwa navyo mwilini, limefungwa kwa waya. Mama akalitia chini ya kitanda. Akasema halifunguliwi, nguo zako hazigawanywi, na matanga hayaishi, mpaka atokee mtu wa kumwambia kilichomuua mwanawe. Kila akifagia, sanduku likisogea, kitu kilikuwa kinagonga ndani, go, go. Mama aliwaambia wageni ni kifaa cha ndege.

Miaka saba nimekula unga wa mashine. Miaka saba napanda kile kilima nageuza mawe, natafuta la kwetu, na watu wanasema Mama Masatu anapenda kuni. Nilitaka nilipate kabla mtu mwingine hajalipata. Nilijiambia, ulezi wa Wambura ni ulezi, maboga ni maboga, lakini nani mwingine duniani aliyepakia jiwe kwenye ndege? Niliamini nimekuua mimi, Magesa. Niliamka nalo, nikalala nalo, nikapika nalo.

Basi msimu huu mwenyekiti akaamua kwamba kwa kuwa ndege hazitui tena, uwanja wote ulimwe, na ua wa minyaa ukatwe. Tulikuwa tumepanga mstari, tunalima. Jembe la mwenyekiti mwenyewe likagonga kitu chini ya minyaa, kaaa! Akachimba, akaita, "Njooni mwone! Jiwe gani hili limevaa khanga?"

Nilisogea. Ilikuwa imebaki mishono na kipande cha rangi nyekundu, na chini yake jiwe letu, kubwa, lenye bonde katikati lililochimbwa na mikono ya shangazi na ya mama. Nikakaa chini kwenye udongo. Nilikukumbuka unatoka umekumbatia koti, na sisi tumetazama ziwani kwa adabu zetu. Nikasema kwa sauti, mbele ya majembe yote, "Hili ni langu. Nililipakia mimi. Magesa alilishusha."

Mgambo akatupa jembe lake. "Na mimi nilimsaidia. Na maboga yalikuwa yangu. Sita tu."

"Ulezi ni wangu," akasema Mzee Wambura. "Gunia moja tu."

"Kamongo, wawili tu." "Na mimi wawili tu." "Asali, chupa tu." Mwenyekiti akavua kofia, akasema kigoda kilikuwa chake, na pamba. Karani akaanza kujumlisha kwa mazoea, akafika katikati, akaikunja karatasi. Hakuna aliyekuwa ameweka kikubwa. Tulikuwa tumekuua wote, kidogo kidogo, kila mtu kwa upendo wake na kwa siri yake.

Tukaenda kwa mama, wote, na matope miguuni. Mimi nikapiga magoti nikamweleza. Hakulia. Alitusikiliza mmoja mmoja mpaka yule wa mwisho, akamwuliza mwenyekiti kama amemaliza, kisha akasema, "Leteni koleo."

Waya ukakatwa. Ndani mlikuwa na saa yako imesimama, mkanda, wembe, picha ya yule binti na visigino vyake, na leso nyeupe iliyofungwa fundo. Mama akaifungua. Kifaa cha ndege. Magesa, lilikuwa jiwe dogo, mtoto wa jiwe letu! Mimi ningelijua hata gizani, lina kishimo cha dole gumba langu. Wakaguzi walikuwa wamelitoa mfukoni mwako.

Nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka nikashika mlango, halafu kilio kikatoka kule kule kilikotoka kicheko. Mjanja wewe! Ulilikataa jiwe langu, ukalitupa kwenye minyaa kama mwizi, tena ukanikumbatia ukinidanganya, "Wifi yako atasaga." Atasagia nini, kokoto? Lakini hukuweza kuondoka bila kitu cha dada yako. Ulipima, ukachukua unachoweza kubeba. Vya wenzangu, kule mkiani mwa ndege, hukuviona, au uliviona ukaona haya kutuaibisha, hilo utaniambia mwenyewe. Mimi ninachojua ni kwamba katika kijiji kizima, mtu pekee aliyetii mzani alikuwa wewe.

Mama akaweka jiwe dogo juu ya kubwa. Akamwaga ulezi. "Saga," akaniambia. Nikasaga. Akaonja unga kwa kidole, akasema bado una mchanga, niendelee. Siku ile nguo zako ziligawanywa na matanga yakaisha.

Na sikiliza hili, maana nimelisubiri: mashine ya kijiji imeharibika tangu wiki iliyopita. Foleni iko kwangu. Hata mwenyekiti analeta mtama wake. Mashine huharibika, Magesa, nilikwambia!

Barua hii nikishaisoma Jumamosi, nakala inakwenda Musoma, na kutoka hapo iende kwa waliokuandika kwamba ulipakia kwa tamaa yako. Chini yake kila mmoja ataandika jina lake na kile alichopakia, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna dole gumba hata moja, sasa sote tunajua kuandika. Mgambo amefanya mazoezi ya neno "maboga" ukurasa mzima. Jogoo hataandika, alikufa mwaka jana kwa uzee, hakuna aliyethubutu kumchinja.

Mimi na mama siku moja tutakuja huko uliko. Ukitaka kutupima mlangoni, mimi nitapanda mzanini bila kugomba, na nitakuja mikono mitupu kama ulivyoagiza. Ila mama ameshaanza kuulizia kibuyu cha samli. Nimemwambia umekataza. Amesema ni kidogo tu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
mwenye jiwe.